Mgongo, sarara au bega? Kuchagua nyama ya nguruwe ya kuoka kwa ganda la majani, bila mkate

Umeshaamua kwamba chakula cha jioni kitakuwa nyama ya nguruwe ya kuoka, imevikwa ganda la majani yenye harufu, na wanga uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Linalobaki ni swali linalowakwamisha wengi mbele ya bucha: nichukue kipande gani? Mgongo unavutia kwa umbo lake, sarara inasifiwa kwa ulaini, na bega lina mafuta yanayoahidi ladha.

Vyote vitatu vinaweza kutoa mlo mzuri. Ila mapishi mengi hukosea kwa kuchagua nyama na ganda kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Majani yana muda wa kuvumilia moto, na nyama ina muda wake wa kuiva. Mida hiyo miwili ikipishana, utapata nyama nzuri chini ya majivu machungu, au majani mabichi juu ya nyama iliyokauka. Ndiyo maana nitalinganisha vipande hivi nikitazama ganda kila hatua.

## Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni muda, tangu nyama iingie kwenye oveni hadi kisu kiguse ubao, pamoja na dakika za kuipumzisha. Cha pili ni nafasi ya kukosea: ukichelewa kuitoa kwa dakika kumi, je, mlo umeharibika? Kwa mpishi mwenye watoto miguuni au wageni sebuleni, kigezo hiki kina uzito kuliko ladha. Cha tatu ni ganda: majani gani yanafaa, na yapakwe wakati gani. Cha nne ni idadi ya walaji na hali ya mabaki kesho yake.

Wanga sikuuweka kuwa kigezo cha kutofautisha vipande, kwa sababu nyama yenyewe haina wanga wa kuhesabika, iwe mgongo, sarara au bega. Wanga wote huingilia kwenye ganda, kwenye sosi na kwenye vinavyoandaliwa pembeni. Kwa hiyo tuanze na ganda.

## Ganda ndilo lenye wanga

Ganda la kawaida hujengwa kwa chenga za mkate mkavu. Chenga hizo hunyonya mafuta na unyevu ili majani yasiteleze, kisha hukauka na kutoa ule mkatiko mdomoni. Tatizo ni kwamba gramu 100 za chenga kavu zina takriban gramu 70 za wanga. Gramu 60 zinazotosha kufunika kipande cha kilo moja na nusu huleta mezani kama gramu 42. Zigawe kwa watu sita, kila mmoja anapata gramu 7. Kwa mtu wa kawaida ni kidogo. Kwa anayejiwekea kikomo cha gramu 20 kwa siku, zaidi ya theluthi ya posho yake imeishia kwenye pambo la nyama.

Mbadala ninaoupenda zaidi ni unga wa lozi. Gramu 60 zake zina kama gramu 12 za wanga, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari. Lozi huleta mafuta yake, hushika majani vizuri na hupata rangi ya dhahabu. Hasara yake ni kwamba huungua haraka. Oveni ikipita nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda mrefu, ganda hugeuka kahawia iliyokolea kabla nyama haijaiva.

Jibini ngumu iliyokunwa, kama Parmesan, ina wanga mdogo sana na hufanya kazi ya gundi: huyeyuka, kisha hukauka na kuwa utando mgumu. Ina chumvi nyingi, kwa hiyo punguza chumvi kwenye ganda lenyewe. Ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, ikisagwa vizuri, haina wanga kabisa na ndiyo inayokaribia zaidi mkatiko wa mkate. Soma tu pakiti yake, maana zile zilizotiwa ladha mara nyingine huwa na sukari.

Korosho zinahitaji tahadhari. Watu huzidhania sawa na lozi kwa kuwa zote ni karanga za mti, lakini gramu 100 za korosho zina wanga wa gramu 30 hivi na nyuzinyuzi chache mno. Unga wa nazi nao hunyonya unyevu kupita kiasi. Ukiutumia peke yake ganda hupasuka na kudondoka nyama inapokatwa. Kijiko kimoja ndani ya lozi kinatosha.

Mchanganyiko ninaourudia kwa kilo moja na nusu ya nyama ni huu: majani yaliyokatwakatwa ya kujaza kikombe, gramu 40 za unga wa lozi, gramu 20 za jibini ngumu, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, maganda ya limau moja yaliyokunwa na pilipili manga. Gundi ni haradali, safu nyembamba tu juu ya nyama iliyopanguswa ikakauka. Hakikisha si ile yenye asali.

Kuhusu majani yenyewe, yagawe makundi mawili. Rozimari, thaimu, seji na oregano ni magumu. Yana mafuta mazito ya harufu na huvumilia saa nzima ya joto la wastani. Parsili, giligilani, rehani na nana ni laini. Baada ya dakika ishirini na kitu hupoteza rangi, kisha harufu, kisha huwa vumbi. Kitunguu saumu kibichi kilichosagwa hakifai kukaa juu kabisa ya ganda kwa muda mrefu, kwani huungua na kuwa kichungu. Kikaange taratibu kwenye mafuta hadi kilainike, au kipake chini ya haradali, ambako ganda litakikinga.

## Neno kuhusu joto la ndani

Bila kipimajoto cha nyama, ulinganisho huu unapoteza nusu ya maana yake, kwa sababu rangi na saa ya ukutani hudanganya. Nchini Marekani, wizara ya kilimo ilishusha kiwango chake mwaka 2011: vipande vizima vya nguruwe vifike nyuzi 63 ndani, kisha vipumzike dakika 3. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa nyuzi 71, na ndicho kinachobaki kwa nyama ya kusaga. Uingereza hushauri nyuzi 70 kwa dakika 2. Kwa nyuzi 63 nyama ya mgongo huwa na uwaridi hafifu katikati na maji yake bado yamo. Kwa nyuzi 71 huwa nyeupe na kavu zaidi.

Nyama ikitoka kwenye oveni huendelea kujipika. Kipande kikubwa hupanda nyuzi 3 hadi 6 kikiwa kimepumzika, kwa hiyo kitoe mapema kidogo, kisha pima tena kabla ya kukata. Ncha ya kipimajoto iwe katikati ya sehemu nene, isiguse mfupa wala tonge la mafuta.

Na hili nalisema kwa uzito: kama huna hakika kwamba nyama yako ilikaguliwa, usile yenye uwaridi. Nguruwe anaweza kubeba vimelea, pamoja na mabuu ya tegu, na ukaguzi husaidia kuwakamata kabla nyama haijafika jikoni. Katika hali hiyo lenga nyuzi 71 au zaidi, na ukweli huo peke yake unaweza kukuamulia kipande, kama utakavyoona.

## Mgongo

Huu ni msuli mrefu unaokaa juu, sambamba na uti wa mgongo, wenye utando wa mafuta upande mmoja. Ukikatwa vipande vyenye mfupa ndio chopsi. Ukiachwa mzima ndio unaoonekana kwenye picha nyingi za nyama ya kuoka.

Muda. Kilo moja na nusu isiyo na mfupa, kwenye oveni ya nyuzi 180, huchukua kama saa 1 hadi saa 1 na robo, kisha dakika 15 za kupumzika. Mfupa ukiwemo, ongeza muda.

Nafasi ya kukosea. Ndogo. Mgongo una mafuta machache ndani ya nyama yake, kwa hiyo ukipita nyuzi 70 huanza kukauka, na sosi haiwezi kuurudisha. Kinga bora ni chumvi ya mapema: gramu 15 kwa kila kilo, ipakwe usiku wa kuamkia siku ya kupika, nyama ikae kwenye friji bila kufunikwa. Chumvi hupenya na kuisaidia nyama kushika maji yake, na uso hukauka kiasi cha kuipokea haradali vizuri. Kama pakiti inasema nyama ilidungwa maji ya chumvi, hatua hii iache.

Ganda. Hapa ndipo ganda la majani linapopendeza kuliko kwingine kokote. Uso ni mpana na sawa, na saa moja ya nyuzi 180 ni muda ambao rozimari, thaimu na lozi zinaumudu. Usiondoe mafuta yote ya juu. Acha unene wa nusu sentimita, uyachanjechanje, ndipo upake haradali na ganda. Ukiona rangi imekolea kabla nyama haijafika, lifunike kwa foili bila kubana. Ukibana, mvuke utalilainisha. Ukitaka kutumia majani laini, anza na nyama tupu na upake ganda dakika ishirini na tano za mwisho.

Mezani na mabaki. Watu sita hadi saba hula vizuri. Hukatwa vipande vya duara vilivyo sawa, kila kimoja na pindo lake la kijani. Mabaki yana utamu yakiwa baridi, yamekatwa membamba. Ukiyapasha moto mkali, yanakuwa makavu.

Unamfaa nani. Mwenye wageni, mwenye kipimajoto, na mwenye uhakika wa saa ya kula. Kama mezani watu watafika mmoja mmoja kwa muda wa saa nzima, mgongo utakuadhibu.

## Sarara

Sarara, au fileti, ni msuli mwembamba ulio ndani, chini ya uti wa mgongo. Mnyama hautumii sana, na ndiyo siri ya ulaini wake. Usiuchanganye na mgongo, maana watu husoma mapishi ya kimoja na kupika kingine, kisha kushangaa kwa nini muda haukulingana.

Muda. Mfupi mno. Sarara ya gramu 500 huchomwa kwanza kwenye kikaango chenye moto mkali hadi ipate rangi pande zote, kisha huingia kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20. Ipumzishe dakika 5 hadi 10. Kwa siku ya kazi, hakuna kipande kati ya hivi kinachoikaribia.

Nafasi ya kukosea. Ndogo kuliko zote, kwa sababu ni nyembamba na joto hupanda ndani yake kwa kasi. Dakika tano za kusahau zinatosha kuivusha. Ncha yake iliyochongoka huiva mapema. Ikunje chini na uifunge kwa uzi ili unene ulingane. Kabla ya yote, toa ule utando mweupe unaong'aa juu yake. Hauyeyuki, na ukiuacha utajikunja na kulikunja ganda nalo.

Ganda. Sarara ndiyo rafiki wa majani laini. Dakika kumi na tano kwenye oveni haziwezi kuua parsili wala giligilani, na ganda hutoka bado la kijani kibichi, na harufu ya limau juu. Tatizo ni umbo: ni ya mviringo, kwa hiyo ganda zito huteleza chini. Lifanye jembamba, nusu ya lile la mgongo, bila jibini nyingi. Viringisha nyama kwenye majani yaliyotandazwa badala ya kuyamwagia juu, kisha bonyeza kwa viganja. Ichome kabla ya kupaka ganda, kamwe si baada yake. Majani yakigusa kikaango kikavu yanaungua papo hapo.

Mezani na mabaki. Sarara moja ni ya watu wawili, watatu kwa shida. Wakiwa sita utahitaji mbili au tatu, ziachane kwenye trei ili hewa ipite. Mabaki huwa machache na hayapendi kupashwa.

Inamfaa nani. Wawili wanaokula mapema, au anayepika nyama ya kuoka kwa mara ya kwanza na hataki kuhatarisha kipande kikubwa. Ladha yake ni ya upole. Anayependa nyama yenye nguvu mdomoni ataona kama kuna kitu kimepungua, na hapo haradali na majani ndiyo yatakayobeba mlo.

## Bega

Muda. Mrefu. Kilo mbili kwenye nyuzi 150, zikiwa zimefunikwa, zinahitaji saa 4 hadi 5. Bega ni msuli uliofanya kazi maisha yote ya mnyama, limejaa tishu ngumu zenye kolajeni, protini inayounganisha misuli. Kolajeni hiyo hugeuka jelatini, yaani rojo laini, taratibu joto la ndani likiwa juu, ndiyo maana bega huwa gumu kwa nyuzi 70 na laini kwa 90 na kuendelea. Likifika 93 hivi, uma unaingia bila kusukumwa.

Nafasi ya kukosea. Kubwa. Nusu saa ya ziada hailidhuru. Mafuta na jelatini huifanya nyama ihisi unyevu hata ikiwa imepita mbali kiwango cha usalama. Ndiyo sababu, kwa yeyote asiye na uhakika wa ukaguzi wa nyama yake, au asiye na kipimajoto, nampeleka kwenye bega bila kusita. Mgongo uliopikwa hadi nyuzi 71 hukupunguzia raha. Bega halijui tofauti.

Ganda. Hapa ndipo mapishi mengi yanapoharibika. Ukivika bega ganda tangu mwanzo na kulifunika, saa nne za mvuke zitayafanya majani kuwa tope. Usipolifunika, yatakuwa mkaa. Fanya awamu mbili. Mwanzoni toboa nyama na kuingiza vitunguu saumu, majani ya seji na chumvi ndani yake. Ikishalainika, itoe, ifunue, mwaga majimaji yote ya trei kwenye chombo kingine, na upanguse uso. Paka haradali, bandika ganda, kisha irudishe kwenye nyuzi 220 kwa dakika 10 hadi 15, huku ukilitazama kwa sababu ya lozi. Ngozi ya nguruwe iliyosagwa hufanya vizuri hapa kuliko lozi, kwani inavumilia joto hilo.

Kama bega limekuja na ngozi yake, amua moja: ngozi ya kukatika au ganda la majani. Ngozi hutaka kuwa kavu na tupu, na haradali yenye majani juu yake huifanya iwe kama mpira. Ukiitaka ngozi, weka majani upande wa chini na ndani ya nyama.

Mezani na mabaki. Hupungua sana, tegemea kupoteza hadi theluthi ya uzito kwa maji na mafuta. Kilo mbili bado zinalisha watu sita hadi wanane. Ukitaka vipande vinavyokatika kwa kisu badala ya nyama inayochambuka, litoe likifika kama nyuzi 85. Kwa mabaki halina mpinzani: hupashwa na kijiko cha mchuzi wake na kubaki laini, siku tatu hadi nne kwenye friji.

Linamfaa nani. Mwenye mchana mzima nyumbani, anayepikia kundi, au anayepika leo kwa ajili ya kesho na keshokutwa. Anayetaka mlo mwepesi wa mafuta machache achague vingine viwili.

## Sosi na vya pembeni

Wanga mliouzuia kwenye ganda hurudi kimyakimya hapa. Usiongeze unga kwenye majimaji ya trei. Engua mafuta, chemsha yapungue hadi nusu, kisha koroga kipande cha siagi au krimu mbali na moto. Pembeni, kabichi au koliflawa zilizookwa kwenye trei ileile ya mgongo hunyonya utamu wote unaodondoka. Sarara hutoka kabla mboga hizo hazijaiva, kwa hiyo iandalie uyoga au maharagwe machanga ya kijani, yenye maganda yake, ya kukaangwa haraka.

## Kulingana na hali yako

Umerudi jioni na una chini ya saa moja, mko wawili au watatu: sarara, na majani laini. Wakiongezeka wageni, ongeza sarara ya pili.

Una wageni na unataka kipande kizuri cha kukatia mbele yao: mgongo, uliotiwa chumvi tangu jana, na ganda la rozimari na lozi. Ukiwa huna kipimajoto, nunua kwanza kipimajoto, au badili kipande.

Huna uhakika wageni watafika saa ngapi: bega. Lipike hadi lilainike, liache limefunikwa kwenye oveni yenye joto dogo, na ganda ulibandike wanapovua viatu.

Unahesabu wanga kwa ukali: kipande chochote, ila ganda liwe la ngozi ya nguruwe na jibini badala ya lozi. Ukitumia mchanganyiko wa viungo wa dukani, geuza chupa usome nyuma. Sukari na wanga wa mahindi hupenda kujificha humo.

Mmoja wenu ni mjamzito, mzee sana au mgonjwa, au nyama haikukaguliwa: bega tena, na nyuzi 90 na zaidi.

Mmekwama kati ya mgongo na bega kwa sababu mna muda na watu ni wengi: tazameni siku inayofuata. Kama kuna sahani za kujazwa kesho mchana, chukueni bega. Kama kila kitu kitaliwa leo, chukueni mgongo, na mwombeni mwuza bucha aache ule utando wa mafuta juu yake.